Nyota Isiyo na Jina

Neno nishani limetujia kutoka kwa Waajemi, na katika Kiswahili cha wazee lilikuwa na maana zaidi ya moja. Nishani ilikuwa alama. Nishani ilikuwa pia shabaha, yaani mahali anapopalenga mwenye bunduki. Na nishani ilikuwa, kama ilivyo hata sasa, kipande cha madini kinachoning'inizwa kifuani mwa mtu kwa kumtukuza. Babu yangu mzaa baba, aliyekuwa askari wa Keya, alipenda kuzichanganya maana hizo makusudi. Vijana wakimwuliza habari za nishani zake, hujibu: "Adui alilenga nishani hapa kifuani akakosa, Kingi Joji naye akalenga, akapata." Kisha hucheka peke yake, maana sisi wajukuu tulikuwa hatujapata bado akili ya kucheka naye.

Nishani za babu zilikuwa tatu. Alizihifadhi katika kopo la sigara lililokwisha kupoteza rangi, na kopo lenyewe alilificha darini mwa nyumba yake, nje kidogo ya Tunduma, mahali ambapo siku hizo palikuwa bado mashamba ya mahindi. Mbili zilikuwa nyota za ncha sita, za rangi ya njano iliyofifia. Ya tatu ilikuwa duara nyeupe, yenye kichwa cha mfalme aliyevaa taji upande mmoja, na upande wa pili simba aliyesimama juu ya joka la vichwa viwili. Kila moja ilikuwa na utepe wake, na kila utepe ulikuwa na rangi zake. Babu hakuzivaa. Nakumbuka kuziona mara tatu au nne tu, naye alizitandaza juu ya mkeka kama mtu anayekagua mbegu kabla ya kupanda.

Maana ya rangi zile nilikuja kuijua ukubwani kwa kusoma. Nyota ya kwanza ilitolewa kwa aliyeshiriki mapigano baina ya mwaka 1939 na 1945, na utepe wake una mistari mitatu iliyo sawa kwa upana: buluu nzito kwa wanamaji, nyekundu kwa jeshi la nchi kavu, buluu nyepesi kwa jeshi la anga. Nyota ya pili ni Nyota ya Burma. Utepe wake una mstari mpana mwekundu katikati, kwa ajili ya majeshi ya Dola ya Kiingereza, na pembeni buluu nzito iliyopitiwa na rangi ya chungwa, ambayo ni jua. Ile duara ilikuwa Medali ya Vita, iliyotolewa kwa kila aliyetumikia siku zisizopungua 28. Babu hakuyajua hayo yote, wala hakuona haja ya kuyajua. Kuhusu ile rangi ya chungwa aliniambia kwamba ni matope, kwa sababu jua hakuliona.

Na kwa hakika hakuwa mbali na ukweli. Divisheni ya 11 ya Afrika ya Mashariki, iliyovaa begani alama ya kichwa cha kifaru, ilishuka bonde la Kabaw katika nusu ya pili ya mwaka 1944, wakati wa masika ya nchi zile, ikiwafuata Wajapani waliokuwa wakirudi nyuma kutoka mpaka wa India. Ndani yake walikuwamo Watanganyika wa batalioni za 26 na 36 za Keya, pamoja na wenzao wa Kenya, Uganda, Nyasa na Rhodesia ya Kaskazini. Malaria na homa ya utitiri wa msituni ziliwaangusha watu sawa na risasi. Mwanzoni mwa Desemba waliufikia mji wa Kalewa, ukingoni mwa mto Chindwin, na daraja likatandazwa juu ya mto huo. Habari hizo zimo vitabuni. Habari za babu zilikuwa nyingine: jinsi nyumbu walivyozama tumboni katika tope, jinsi rafiki yake wa Rungwe alivyofia homa akiomba maji ya mto wa kwao, jinsi askari walivyoimba kwa lugha saba wakilivuta gari moja.

Hapa ndipo nilipotaka kumfikisha msomaji, hasa wewe mwalimu ambaye darasani mwako yumkini yupo mtoto ambaye nyumbani kwao kuna kopo kama lile. Nishani za Vita Kuu ya Kwanza, zile walizozitoa Waingereza kwa majeshi yao, ziliandikwa ukingoni namba, cheo, jina na kikosi cha mwenyewe; zile za umbo la nyota ziliandikwa mgongoni. Aliyeipata leo katika takataka za sokoni aweza kuzisoma herufi zile ndogo na kumjua mwenyewe, na daftari za waliotunukiwa zimehifadhiwa hata sasa katika Hifadhi ya Nyaraka ya Uingereza, huko Kew, London. Lakini nishani za Vita Kuu ya Pili Waingereza walizitoa bila jina. Wahindi na Waafrika ya Kusini waliandikiwa majina yao na serikali zao. Za babu zilikuwa tupu. Ukiigeuza Nyota ya Burma ya askari wa Tunduma, na ukiigeuza ya askari wa Manchester, huoni tofauti, na hiyo ndiyo tofauti.

Babu jina lake alilibeba mwenyewe. Cheti chake cha kuachishwa jeshi kililiwa na mchwa kabla sijazaliwa, ila namba yake ya jeshi aliitamka kila asubuhi alipokuwa akinawa uso, kwa Kiingereza cha paredi, na sisi wajukuu tukaikariri kama wimbo.

Baba yake babu hakuwa na kopo. Naye alikwenda vitani, tena vita hiyo ilimfuata mlangoni pake. Nchi yetu hii ya mpakani, nchi ya Wanyamwanga na Wanyiha, ilikuwa mstari baina ya Wajerumani na Waingereza, na kituo cha Fife kilikuwa upande wa pili, si mbali na palipo na Nakonde leo. Mwishoni mwa Mei 1916 majeshi ya Jenerali Edward Northey yalivuka mpaka kwa safu nne, baina ya ziwa Nyasa na ziwa Tanganyika; kufika Agosti yalikuwa yameingia Iringa. Bunduki, risasi, unga, mahema na viti vya maofisa havikutembea vyenyewe. Vilipanda juu ya vichwa vya watu. Baba wa babu alikuwa kijana wa miaka ishirini hivi. Alichukuliwa shambani, akapewa mzigo wa ratili 50, akaambiwa afuate mgongo wa aliye mbele yake. Watu wa huku waliwaita wapagazi hao tengatenga. Pwani waliitwa Kariakoo, kwa jina la kikosi chao katika Kiingereza, na mahali palipokuwa kambi yao Dar es Salaam pamebaki na jina hilo hata leo, ingawa wengi wanaokwenda huko kununua vitambaa hawajui kwamba wanalitaja jeshi.

Miaka miwili baadaye vita vikarudi. Mwishoni mwa Oktoba 1918 von Lettow-Vorbeck alipita Mbozi na watu wake akielekea kusini, na katika siku za kwanza za Novemba akaishambulia Fife, kisha akashika njia ya Kasama. Habari za kusimamishwa kwa vita zilimkuta karibu na mto Chambeshi, na tarehe 25 Novemba 1918, wiki mbili baada ya Ulaya kunyamaza, akaweka silaha chini mjini Abercorn, ambao leo ni Mbala. Walikuwapo Wazungu 155 na askari 1,168. Wapagazi, wanawake na watoto waliowafuata walikuwa wengi kuliko hao wote, na vitabu havikubaliani walikuwa wangapi. Askari alihesabiwa mmoja mmoja, mpagazi alikisiwa.

Kwa upande wa Waingereza peke yao, wapagazi katika vita hivyo vya Afrika ya Mashariki hukadiriwa kufika milioni moja, na waliokufa hawapungui 95,000, wengi kwa kuhara, homa na njaa. Medali ya Vita ya Waingereza ya 1914 hadi 1918 ilikuwa ya fedha. Palitengenezwa pia ya shaba, yenye sura ile ile, kwa vikosi vya vibarua, kama Wachina, Wamalta na Wahindi. Wapagazi wetu walio wengi hawakuipata hata hiyo. Medali nyingine, ile ya Ushindi, ina utepe wa rangi za upinde wa mvua, na mgongoni imeandikwa kwamba vita vile vilikuwa Vita Kuu kwa ajili ya Ustaarabu. Sijaona bado mzaha mkubwa kuliko huo ukiandikwa mahali padogo namna hiyo.

Mwaka 1927 Waingereza walisimamisha katikati ya Dar es Salaam ile sanamu ya shaba tunayoiita ya Askari, mahali palipokuwa zamani na sanamu ya Wissmann. Ni sanamu nzuri, wala simwonei kijicho askari yule, maana babu yangu alikuwa askari. Lakini msomaji akipita pale na atazame: bunduki ipo, mzigo haupo. Katika Aprili 2021 ile Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti ikakiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, hasa wa Afrika ya Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina yao au hawakukumbukwa kabisa. Imewachukua zaidi ya miaka mia moja kusema hivyo. Nilipoisoma habari hiyo nilitaka kumweleza mtu, nikakuta waliopaswa kuelezwa wamekwisha kwenda wote.

Baba wa babu alirudi na kitu kimoja tu, nacho ni namna ya kusokota ngata. Ngata ya nyumbani kwetu haikuwa ya majani yaliyozungushwa mara moja na kuachwa. Ilikuwa na fundo mbili za ndani, ili mzigo usiteleze mtu apandapo mlima, na katikati iliachwa tundu dogo ili utosi upate hewa. Alijifunza njiani kutoka kwa mpagazi mwenziwe. Alimfundisha mkewe, mkewe akamfundisha mkaza mwanawe, yaani bibi yangu, na bibi alikuwa akizisokota ngata hizo hata mwaka 1990, akiziita kwa jina la Kinyamwanga lenye maana ya vita. Majirani walikuja kuziomba bila kujua zimetoka wapi.

Sasa sina budi kueleza jambo nililolificha kwa muda mrefu, na ambalo nimejaribu mara mbili kulitungia shairi nikashindwa; vina vilikubali, moyo ukakataa. Mwaka 1986 nilikuwa kidato cha tatu. Wanaoikumbuka miaka ile hawahitaji kuelezwa hali ya maduka yetu. Tunduma iliishi kwa kutazama ng'ambo: sabuni, mafuta, kandambili, vyote vilitoka Zambia, na huko Zambia ndiko kulikotoka pia watu walionunua shaba bila kuuliza imetoka wapi. Shule ilikuwa inafunguliwa, nami sikuwa na viatu. Nilipanda darini babu alipokuwa shamba, nikafungua kopo, nikachukua Nyota ya Burma. Niliichukua hiyo kwa sababu iling'aa kuliko mwenzake, nami katika ujinga wangu nilidhani ni dhahabu.

Nilimpelekea sonara mmoja. Aliikwaruza nyuma kwa msasa, akaitia tone la dawa, akacheka. Akaniambia si dhahabu, wala haina hata chembe ya dhahabu. Ni shaba iliyochanganywa na zinki, kama bomba la maji. Nilikuwa na nafasi ya kuirudisha. Mtu wa pili aliyekuwa amekaa pale, mnunuzi wa shaba, akaiweka katika mizani, akanipa pesa ambazo hazikutosha viatu. Zilitosha kandambili na nauli. Kabla ya kuitia mfukoni aliung'oa utepe akautupa, kwa kuwa utepe hauna uzito. Niliuokota. Sijui hata leo kwa nini niliuokota. Niliurudisha koponi, nikauweka mahali ilipokuwa nyota, kama mtu anayerudisha ganda la ndizi mezani.

Babu aligundua likizo iliyofuata. Aliniita uani, nikampa shikamoo, akaiitikia. Alikuwa na kopo mikononi. Nilingoja fimbo. Akauliza: "Umeuza?" Nikasema: "Nimeuza, babu." Akauliza kwa bei gani, nikamtajia. Akanyamaza kitambo, kisha akasema: "Mjukuu wangu, askari akiwa kazini havai nyota. Huvaa utepe tu." Na ndivyo ilivyo desturi ya kijeshi, nyota na medali ni za siku ya sherehe, siku nyingine hushonwa vipande vya tepe juu ya mfuko wa shati. Siku ile ile alimwomba bibi sindano, akaushona utepe ule katika koti lake la kaki, na tangu hapo, yeye ambaye hakuwa akivaa kitu, akawa analivaa koti lile kila Jumapili hata alipofariki mwaka 1993. Hakumwambia baba yangu. Adhabu ile imedumu kuliko fimbo.

Nilipokwisha kuajiriwa na kupata mshahara nilianza kuitafuta. Ndipo nilipofahamu uzito wa ule ukingo mtupu. Kama ingekuwa ya vita vya kwanza, ningeandika jina na namba katika karatasi, ningewagawia masonara na wanunuzi wa vyuma chakavu kutoka hapa hadi Mbeya, na huenda siku moja mtu angesoma herufi akaniita. Nyota ya Burma zilitolewa kwa maelfu na maelfu, nazo zote zimefanana. Nilikuwa natafuta kitu ambacho hata nikikishika mkononi siwezi kukitambua.

Katika kutafuta huko nilijifunza mengi juu ya watu wanaokusanya nishani. Ulaya na Marekani wako wengi. Kwao ni kazi ya subira kama ile ya wakusanya stempu, wana vyama, minada na majarida yao. Mkusanyaji mwenye maarifa hatazami uso wa medali kwanza, hutazama ukingo, na bei hufuata jina: mtu huyu alikuwa wapi, alifanya nini, alirudi au hakurudi. Fedha nyingi ya zamani iliyeyushwa mwaka 1980 bei ya fedha ilipopanda ghafula duniani. Medali zilizoponea pale ni zile ambazo mtu fulani alikuwa bado analikumbuka jina lililoandikwa juu yake. Hapa mpakani mambo yamekuwa tofauti. Hapa huuzwa kwa kilo, pamoja na nyaya za simu na betri za magari. Katika miaka thelathini nimeona kwa macho yangu, katika magunia ya chakavu, medali tano. Mbili zilikuwa na majina, nami niliyanakili yote mawili, moja likiwa la sajini wa Keya wa vita vya kwanza. Sikuwa na pesa ya kuinunua siku ile, na siku ya pili gunia halikuwapo.

Wanafunzi huniuliza, na ni haki yao kuuliza, kama vitu hivi ni vyetu. Nishani alizotunukiwa mtu na mkoloni kwa vita vya mkoloni zinaingiaje katika utamaduni wa taifa huru? Swali hili sipendi kulijibu kwa haraka. Ziko nishani ambazo kwa kweli zinachoma mkono. Mwaka 1912 Mfalme wa Wajerumani alianzisha medali ya makoloni, yenye vibanzi vya kubana juu ya utepe kutaja kila vita, na kimojawapo kilitaja Afrika ya Mashariki ya Kijerumani, 1905 hadi 1907. Maana yake ni Maji Maji. Mtu alivaa kifuani, kwa fahari, vita vilivyowaua watu wetu kwa makumi ya maelfu, wengi wao kwa njaa iliyoletwa makusudi kwa kuchoma mashamba. Waingereza nao walitoa kibanzi kilichoandikwa Kenya kwa walioshiriki kuwapiga Mau Mau, 1952 hadi 1956, na miongoni mwa waliokipata wako Waafrika wa Keya, kutoka Tanganyika pia. Nisiwafiche: ningekipata kibanzi hicho katika kopo la babu sijui ningefanya nini.

Hata hivyo singekitupa. Kijana aliyechukuliwa shambani hakuulizwa upande gani una haki. Na tukitupa kila chenye sura ya mfalme, tutakuwa tumemtupa pamoja nacho mtu wetu aliyekivaa, na mfalme hatapungukiwa na chochote, maana yeye ana sura nyingine nyingi. Sheikh Shaaban Robert, karani wa forodha na baba wa washairi wetu, alitunga utenzi mrefu juu ya vita vya 1939 hadi 1945, na Waingereza walimtunukia nishani ya M.B.E. Hakuna mwalimu aliyemwondoa darasani kwa sababu hiyo.

Tena tunazo njia zetu wenyewe za kuheshimu mashujaa, na ni vema wanafunzi wazitazame kwa makini. Kila tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa, Rais huweka mnarani mkuki na ngao. Mkuu wa Majeshi huweka sime. Kiongozi wa mabalozi huweka shada la maua. Meya huweka upinde na mshale. Na mzee mmoja kwa niaba ya waliopigana vita huweka shoka. Hukumbukwa hapo wote, kuanzia waliopigana na Wajerumani hadi vijana wetu waliomtoa nduli Amin katika ardhi ya Kagera na kuingia Kampala tarehe 11 Aprili 1979. Mimi naipenda sherehe hiyo kwa sababu haiweki alama ya silaha, huweka silaha yenyewe. Lakini kila mwaka nikiitazama huwa natafuta kitu kimoja, nacho sijakiona. Ningependa kabla sijafa nimwone mtu mmoja akiweka ngata.

Iko hadithi inayosimuliwa kuhusu mwaka 1964, mwaka ule ule alipofariki von Lettow-Vorbeck. Bunge la Ujerumani ya Magharibi lilikubali kuwalipa malimbikizo askari wazee wa Kiafrika waliokuwa bado hai. Wazee wapata mia tatu na kitu walifika Mwanza kudai. Wachache tu walikuwa na vyeti vyao. Wengine walileta vipande vya sare, wengine hawakuleta kitu. Basi yule mtu wa benki, husimuliwa, akampa kila mmoja ufagio, akatoa amri za paredi kwa Kijerumani, na hapana mzee hata mmoja aliyekosea. Nimeipenda hadithi hii toka zamani, ingawa huniachia swali. Tengatenga angepewa nini mkononi ili aonyeshe kwamba alikuwapo?

Ndiyo maana katika kazi yangu ya ofisi, na nje ya kazi, nimekuwa nikiwasihi walimu wa huku mpakani wasiishie kumwambia mwanafunzi alete medali shuleni ionekane. Medali ikija peke yake ni nusu ya kazi, na pengine ni hatari, kwa kuwa kilicholetwa shuleni chaweza kuibwa shuleni. Mwanafunzi na alete daftari. Aandike mwenyewe aliitwa nani na ubini wake, alizaliwa kijiji gani, alichukuliwa na nani, mwaka gani, kwa njia gani alisafiri, alimwacha nani nyumbani, aliimba nini, aliogopa nini, alirudi na nini. Na kama mzee wa ukoo hakupata medali, hapo ndipo daftari iandikwe kurasa nyingi zaidi, kwani hakuna ukingo wowote duniani utakaomsaidia. Namba za jeshi zikaririwe. Jina la rafiki aliyefia njiani lisiachwe. Huenda kwao Rungwe hawajui hata sasa alizikwa wapi.

Mwaka 2011, katika soko la Tunduma, kijana mmoja mwenye toroli la chakavu alinionyesha Nyota ya Burma. Haikuwa na utepe. Nyuma yake, kwenye ncha ya chini, palikuwa na mkwaruzo. Nilimlipa shilingi 10,000 bila kuomba kupunguziwa, naye akaniangalia kama anayemwonea mtu huruma. Mkwaruzo si ushahidi. Masonara wote hukwaruza, na kila nyota iliyopita mikononi mwao lazima ina alama. Nimeipima na mkwaruzo ninaoukumbuka, na kumbukumbu ya mwenye hatia haifai kuwa kipimo. Niliiweka koponi. Utepe niliufumua kutoka katika koti la babu nikaupitisha katika pete yake, ukaingia, kama ambavyo ungeingia katika nyota nyingine yoyote ya aina hiyo.

Mwaka jana nililichukua kopo hilo kwenda shule moja ya sekondari nilikoalikwa kuzungumza na wanafunzi. Niliwasimulia haya yote, na ya viatu pia. Msichana mmoja wa kidato cha pili akaomba kuishika nyota. Akaigeuza mara mbili akitafuta maandishi ya mwenyewe, akaniuliza: "Shikamoo mzee. Hii ni ya babu yako kweli?" Nikamwambia sijui, mjukuu wangu. Akafikiri kidogo, kisha akafungua daftari lake, akaniuliza babu yangu aliitwa nani. Nikamtajia jina lake lote, na jina la baba yake, na ile namba ya jeshi kwa Kiingereza cha paredi. Akaniomba nirudie namba polepole, kwa kuwa alikuwa anaandika.